Kabla ya kuuliza wati ngapi, chukua rula

Ujumbe huu umenifikia wiki hii, na nimeshindwa kuujibu kwa mistari miwili kama nilivyozoea: "Shikamoo fundi. Nimepata kasha la lita saba, mazabodi ndogo ya Mini-ITX, prosesa ya Ryzen 5 7600 na kadi ya grafiki ya RTX 4070. Kila ninayemuuliza ananiambia nisithubutu kuweka pawa saplai iliyo chini ya wati 1000. Nifuate lipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hao wote wamekujibu bila kukuuliza hiyo saplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kompyuta, itakaa wapi. Mtu anayekutajia wati kabla ya kukuuliza nafasi usimnunie, lakini usimsikilize pia. Jibu lako limo humu, mbele kidogo. Naomba univumilie, maana swali lako limegonga mahali ambapo bado pananiuma na siwezi kulijibu bila kusimulia.

Nadhani anayesoma makala haya anataka kile ninachokitaka mimi: mashine inayokaa pembeni ya skrini bila kula meza, isiyovuma usiku, yenye nguvu ya kuendesha gemu lolote jipya, kiasi kwamba mgeni akiingia chumbani anauliza kompyuta yenyewe iko wapi. Kama wewe unapenda kasha refu la kufika kiunoni lenye kioo na taa za rangi zote, hakuna ubaya, ila shida zako si hizi.

Basi twende kwenye rula.

Saplai ya kawaida, ile ya umbo la ATX, ina upana wa milimita 150, kimo cha 86, na kina kinachoanzia 140. Zidisha namba hizo upate karibu lita 1.8. Kwenye kasha la lita saba, robo ya nafasi yote imekwenda kwa kifaa kimoja, na bado hujaweka kadi ya grafiki wala kipoza. SFX, umbo dogo la saplai, ina upana wa 125, kimo cha 63.5 na kina cha 100. Hiyo ni lita 0.8 hivi, chini ya nusu ya mwenzake. Ndiyo sababu makasha ya wapenda vidogo huchorwa yakiifikiria SFX. Lile la DAN A4-SFX la lita 7.2 limeiweka hadi kwenye jina.

Ana ndugu yake, SFX-L. Upana na kimo ni vilevile, ila kina kimeongezwa milimita 30 kikafika 130. Nyongeza hiyo inaruhusu feni ya milimita 120 badala ya 80 au 92, na feni pana hupeleka hewa ileile kwa mizunguko michache, hivyo hunong'ona badala ya kupiga kelele. Ukisoma tangazo lake unaitamani. Lakini milimita 30 hizo lazima zitoke mahali, na mara nyingi hutoka kwenye nafasi ya kebo. Kebo zinazochomoka zina vichwa vya plagi, na kila kichwa kinataka sentimita mbili unusu hadi tatu kabla waya haujaanza kupinda. Ukipima urefu wa saplai peke yake umepima nusu ya saplai. Pima saplai, ongeza sentimita tatu, ndipo uulize kama kadi yako bado inaingia.

Flex ATX ni nyembamba kuliko zote hizo: 81.5 kwa 40.5 kwa 150, nusu lita tu. Unaiona unashangaa. Kisha unaiwasha, na kile kifeni cha milimita 40 kinaanza kupiga mluzi, maana feni ndogo haina namna ya kupitisha hewa ya kutosha ila kwa kukimbia. Nimewahi kuitumia kwa mtu anayevaa hedifoni tangu asubuhi hadi usiku. Kwa mwingine nisingethubutu. TFX ile ndefu ya mashine za ofisini tuiache. Na kama mashine yako haina kadi ya grafiki kabisa, una prosesa ya wati 65 yenye grafiki zake ndani, kuna zile bodi ndogo za aina ya PicoPSU zinazochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya pini 24 na kulishwa na adapta ya nje kama ya laptopu. Zinafika karibu wati 160. Hazina feni, hazina kelele, na hazihitaji makala.

Sasa kisa.

Nilimjengea jamaa mmoja mashine ya chini ya lita kumi. Ndani niliweka Ryzen 7 7800X3D, RTX 4070, diski ya M.2 inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, na diski nyingine ya SATA, ile ya kuunganishwa kwa kebo, aliyokuja nayo mwenyewe, yenye picha zake za familia. Saplai nilimchagulia SFX ya wati 600 yenye daraja la ufanisi la 80 PLUS Gold, kebo zote za kuchomoa. Kazi ile niliifanya kwa mapenzi. Kebo ya SATA niliilaza nyuma ya mazabodi, nikaifuatisha ukingo wa chuma, nikaibana kwa vishikizo vidogo. Ukifungua ubavu wa kasha huoni waya hata mmoja unaokatiza mbele ya feni. Nasema bila aibu kwamba hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote zilizopita mikononi mwangu, na picha zake bado ziko kwenye simu. Huwa ninazitazama.

Rafiki yake akaiona. Akauliza saplai ya wati ngapi. Alipoambiwa 600, akacheka, akasema hiyo ni ya kuchapia barua. Usiku huohuo nikapata ujumbe: "Fundi, umenipunja wati 400."

Mimi sikuongeza hata senti juu ya ile saplai. Niliichagua kwa sababu ndiyo iliyofaa, nikatumia muda mrefu kulinganisha vipimo vyake na michoro ya kasha. Nikakaa na ule ujumbe, nikaandika jibu la hasira, nikalifuta. Mwishowe nikamtumia hesabu tu, na nawapa na ninyi.

Prosesa ya 7800X3D imeandikwa wati 120, ila kikomo halisi ambacho mazabodi huiruhusu ivute ni 162. Kwenye gemu mara nyingi haifiki hata 90. RTX 4070 ni wati 200. Mazabodi, RAM, diski mbili na feni, kwa ukarimu mkubwa, wape 60. Ukivilazimisha vyote vifike kikomo kwa pamoja, jambo ambalo gemu hazifanyi, unapata 422. Nilipoijaribu kwa mzigo wa gemu nzito, mita ya ukutani haikuwahi kugusa 400, na mita ya ukutani huhesabu hata ule umeme unaopotea njiani ndani ya saplai. Wati 600 zilizoandikwa kwenye lebo ni zile zinazotoka kwenda kwenye vifaa, si zile zinazoingia kutoka ukutani. Watu wengi wanalichanganya hili, na wanaouza namba kubwa hawana haraka ya kulinyoosha.

Hakujibu. Baadaye nikasikia amempelekea fundi mwingine, na amewekewa SFX-L ya wati 1000.

Sitamtaja fundi huyo. Nitasema alichofanya, kwa sababu ndicho mnachopaswa kukishika hata kama mtasahau mengine yote. Aliitoa saplai yangu, akachomeka mpya. Kebo kubwa alizibadilisha, za mazabodi na za kadi, kwa kuwa zilikuwa mbele ya macho. Ile ya SATA niliyoilaza nyuma kwa ustadi aliiona imekaa vizuri, akaona tabu kuifumua, akaichomeka upande wa pili kwenye saplai mpya. Plagi ikaingia bila kinyongo. Akawasha. Diski yenye picha ikafa palepale.

Sababu ni hii. Upande wa kebo unaoingia kwenye kifaa una kiwango kimoja duniani kote: plagi ya SATA ni ya SATA, ya pini 24 ni ya pini 24. Upande unaoingia kwenye saplai hauna kiwango. Kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha mpangilio kati ya toleo na toleo. Umbo la plagi linaweza kufanana kabisa huku waya uliokuwa wa volti 5 umesimama mahali penye volti 12. Diski ya SATA iliyozoea volti 5 ikipewa 12 haikwaruzi wala haionyi. Ile ya M.2 ilipona kwa sababu hupata umeme wake kupitia mazabodi, haiguswi na kebo hiyo.

Jamaa akanipigia mimi. "Diski uliyonifungia imekufa." Nilimuuliza kama saplai bado ni ileile. Akanyamaza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ulimi uliniwasha kumwambia hivyo, lakini mtu aliyepoteza picha za watoto wake huwezi kumpiga kwa methali. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kabla ya kunipigia alikuwa ameshawatangazia watu kuwa mashine zangu huua diski. Wapo hadi leo wanaoamini hivyo. Ukikutana nao, waulize kebo ilikuwa ya nani.

Kwa bahati alikuwa hajaiuza ile saplai ya kwanza. Nilimrudishia, pamoja na kebo zake zenyewe. Ile ya wati 1000 ilikuwa imezisukuma kebo hadi zikagusa feni ya kadi, na nilipoitoa tu, joto la kadi likashuka. Wiki hii ameniletea mdogo wake anayetaka mashine kama hiyohiyo, na wati 600 hajaziulizia. Hakuomba radhi, nami sikuidai.

Haya, mdogo wangu mwenye lita saba. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65 na kikomo chake ni 88. Kadi yako 200. Vilivyobaki 50. Tumefika 338. Nvidia wenyewe, waundaji wa kadi hiyo, wanapendekeza saplai ya 650 kwa RTX 4070, nao hupendekeza kwa kujihami, kwa vile hawajui umeweka prosesa gani wala saplai yako ni ya daraja gani. Chukua SFX nzuri ya wati 600 au 650, kina cha milimita 100, si SFX-L, isipokuwa mtengenezaji wa kasha ameandika waziwazi kwamba SFX-L inaingia pamoja na kadi ya urefu wa ile yako. Hizo wati 1000 waachie waliokushauri.

Nisije nikaonekana ninadharau namba kubwa kwa ushabiki. Zipo kadi zinazozihitaji. RTX 4090 peke yake ni wati 450. Na tangu enzi za RTX 3080 na 3090 tulianza kuona tabia ya kadi kuruka: imeandikwa wati 320, lakini kwa sehemu ndogo ya sekunde inavuta zaidi sana ya hapo, kisha inarudi. Macho yako hayaoni, mita ya ukutani haioni, ila kinga ya saplai inaona na kuzima mashine katikati ya gemu. Mtu anadhani Windows imeharibika. Ndiyo sababu Intel walipotoa kiwango cha ATX 3.0 mwaka 2022 walitaka saplai za zaidi ya wati 450 zenye soketi ile mpya ya pini 16 ya kulishia kadi zistahimili mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. Kwa hiyo ukiona SFX ya wati 650 ya ATX 3.0 au 3.1 karibu na ya wati 750 ya zamani isiyo na kiwango hicho, na kadi yako ni ya kuruka, ile ndogo inaweza kuwa tulivu zaidi. Jambo hili nimelieleza mara nyingi kwa watu wengi, na bado wanarudi na swali la wati.

Kununua saplai kwa wati tu ni sawa na kununua viatu kwa rangi ukasahau namba ya mguu.

Tena wati zenyewe zinadanganya. Geuza saplai usome lebo ya ubavuni. Kuna jedwali dogo lenye volti 3.3, 5 na 12. Prosesa na kadi zote zinakula kwenye ile 12, kwa hiyo angalia ampea zake na uzidishe. Ampea 50 mara volti 12 ni wati 600, na hiyo ni saplai inayosema kweli. Ukikuta imeandikwa 500 kwa herufi kubwa mbele, halafu jedwalini volti 12 ina ampea 25, basi umeshika saplai ya wati 300 iliyovaa jina la kaka yake. Zipo nyingi, hasa kwenye umbo dogo, kwa sababu mnunuzi wa kitu kidogo hukimbilia kuona kama kinaingia tu.

Daraja la 80 PLUS nalo watu hulisoma vibaya. Wanadhani Gold maana yake ni vifaa vya dhahabu ndani. Ni ufanisi tu: kwa umeme wa volti 115, Gold inatakiwa kufikisha asilimia 90 inapobeba nusu ya mzigo wake, na Bronze 85. Sasa chukua saplai ya wati 600 inayotoa 300. Ya Gold inapoteza wati 33 kama joto, ya Bronze 53. Tofauti ni wati 20, na kwenye kasha kubwa hazina maana yoyote. Kwenye lita saba, joto hilo linakaa sentimita chache kutoka nyuma ya kadi inayochemka kwa wati 200, na hewa ya kulibeba ni kidogo. Hapo ndipo hela ya ziada ya Gold inapojilipa. Ila jueni pia kwamba vipimo vya 80 PLUS hufanywa kwenye joto la nyuzi 23, na ndani ya kasha dogo hakuna nyuzi 23 hata mara moja. Ndiyo maana mimi husoma karatasi ya mtengenezaji nikitafuta mstari unaosema saplai inaweza kutoa wati zake zote kwa joto gani. Nyingine wanaandika 40, nyingine 50. Kwa kasha dogo ninataka 50. Joto ndilo linaloua kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani ya saplai, na kanuni ya zamani ya mafundi wa elektroniki ni kwamba ukizipunguzia nyuzi 10, maisha yake yanakaribia kuongezeka mara mbili.

Feni ya saplai itazame wapi? Itazame matundu. Sijui kwa nini hili linahitaji kusemwa, lakini nimeshafungua makasha ambamo feni ya saplai inavuta hewa kutoka mgongoni mwa kadi ya grafiki huku upande wa pili kuna matundu mazuri yasiyotumika. Wengi pia hupenda saplai ambayo feni yake husimama mzigo ukiwa mdogo. Kwenye kasha kubwa ni raha. Kwenye kasha dogo joto la majirani huiamsha, ikapoa, ikasimama, ikaamka tena, na mlio unaokuja na kuondoka unakera kuliko unaoendelea polepole muda wote. Ukijali kelele, tafuta daraja la kelele la LAMBDA linalotolewa na Cybenetics, maabara ya kupima saplai; A++ maana yake wastani wa chini ya desibeli 15. Hicho ni kipimo kilichochukuliwa kwa vyombo, si sifa za kwenye boksi.

Kebo. Nimesema habari za kuzichanganya, sasa urefu. Saplai nyingi za SFX huja na kebo fupi kwa makusudi. Ile ya pini 24 mara nyingi ni sentimita 30. Kwenye kasha dogo hiyo ni neema. Ukiichukua saplai hiyohiyo ukaiweka kwenye kasha kubwa kwa bamba la kuunganishia, haifiki. Na kinyume chake, ukiweka saplai yenye kebo za sentimita 60 kwenye lita saba, utatumia jioni nzima kuzikunja na mwisho utaziba njia ya hewa. Wapo wanaoagiza kebo za kushonewa kwa kipimo. Ni nzuri, ninazipenda, ila mpe mshonaji jina kamili la saplai yako, si kampuni tu, kwa sababu zile nilizoeleza juu.

Kadi yenye soketi ya pini 16 inahitaji sura yake yenyewe, lakini nitasema machache. Oktoba 2022 wenye RTX 4090 walianza kuonyesha plagi zilizoyeyuka, na Nvidia wakasema chanzo kikubwa ni plagi zisizosukumwa hadi mwisho. Toleo lililofuata, 12V-2x6, lilifupisha pini ndogo za kuhisi ili kadi ikatae kuvuta umeme mwingi kama plagi haijakaa. Kasha dogo linaongeza hatari hiyo, maana ubavu wa kasha unaisukuma kebo na kuilazimisha ipinde papo hapo inapotoka kwenye soketi. Acha angalau milimita 35 zikiwa zimenyooka. Kama hazipo, kasha hilo si la kadi hiyo, na hakuna ujanja.

Niwaambie ukweli vijana wenzangu, kinachotuangusha si kukosa maarifa. Maarifa yamejaa kila mahali. Tunaangushwa na sifa. Mtu anataka aseme "nina 1000" mbele ya wenzake, hata kama mashine yake haitakula nusu yake hadi anaiuza. Anamdharau fundi aliyempigia hesabu, anamsikiliza rafiki aliyecheka. Fundi mwaminifu atakupunguzia matumizi na utamwona mnyonge. Mwongo atakuongezea namba na utamwita bingwa. Mimi nimeamua kuwa yule wa kwanza, na wateja wanaoondoka waondoke. Lakini pima. Nakurudia tena: pima kina, pima kichwa cha plagi, pima kadi, halafu piga hesabu ya wati, ongeza akiba isiyopungua theluthi, ukomee hapo.

Unapoinunua, tazama nyuma. Ukiona swichi nyekundu ya 115 na 230, hiyo ni saplai ya kizazi cha nyuma. Ikiwekwa 115 na ukutani kuna 230, inapasuka siku ya kwanza. Zilizo bora husoma zenyewe kuanzia volti 100 hadi 240. Tazama waranti: SFX nzuri hutolewa na waranti ya miaka 7 hadi 10, na kampuni inayotoa mwaka mmoja imeshakuambia inaiamini kiasi gani. Usitishwe wala usivutwe na jina la nje, kwa kuwa wengi wenye majina hawatengenezi wenyewe. Wanaagiza kwa viwanda kama Great Wall, FSP, Super Flower au Seasonic, na bidhaa mbili za jina moja zinaweza kutoka viwanda viwili tofauti. Soma uchambuzi wa toleo lile unalolinunua.

Usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa ukutani, kapasita kubwa ya ndani inaweza kuwa bado imeshika karibu volti 400. Ikivuma vibaya, irudishe kwa waranti. Kubadilisha feni ya saplai si kazi ya mezani kwako.

Kabla ya kuifunga ndani ya kasha, iunganishe nje. Weka mazabodi juu ya boksi lake, chomeka kila kitu, washa, endesha mzigo wa prosesa na kadi kwa pamoja kwa muda wa kutosha hewa inayotoka iwe moto. Kama ina lawama ni afadhali uisikie hapo kuliko baada ya kufunga skrubu zote ndogo za kasha.

Na ya mitumba? Naweza kuinunua, kwa sharti moja: kebo zake zote ziwepo na muuzaji awe na uhakika ni zake. Akikuambia "hizi zitaingia tu", ondoka. Za kwangu zinazobaki baada ya kila kazi nazitia kwenye mfuko, juu naandika jina kamili la saplai kwa kalamu ya wino usiofutika, na mfuko nampa mteja mwenyewe aondoke nao. Wengine hunicheka. Yule jamaa wa wati 1000, alipokuja na mdogo wake, aliuomba wa kwake kabla sijamtajia.